GPS inapotea Mombasa Road: kosa ni la setilaiti, la ramani au la chaja?

"Mtaalamu, habari za kazi. Ninasambaza bidhaa za saluni kwa Probox, kutoka godauni la Mlolongo hadi Westlands, Lavington na mara nyingine Limuru. Kaka yangu aliniletea GPS ya Garmin aliyokuwa akiitumia Uingereza, nikamlipa kijana mmoja mjini shilingi 2,500 anitilie ramani ya Kenya. Mwanzoni ilikuwa sawa. Siku hizi inachukua karibu dakika ishirini kupata setilaiti: natoka nyumbani Imara Daima, ambako gari hulala chini ya ghorofa, na nafika Nyayo Stadium bado inatafuta. Nikipanda Expressway inaniambia nikate kushoto pale pale juu ya daraja. Mjini mshale unapanda juu ya majengo. Chaja yake imelegea, nikipita matuta inazima; nikiweka kebo nyingine ya USB inaonyesha picha ya kompyuta na kugoma. Tarehe iko nyuma karibu miaka ishirini. Juzi mteja wa Lavington alinitumia namba za mahali alipo, nikaziandika, ikasema safari ni zaidi ya kilomita 300 kuelekea Maralal! Fundi amesema setilaiti za upande huu ni dhaifu, nahitaji laini yenye bando, na kwamba kifaa kimefungwa kwa ajili ya Ulaya. Mwingine anataka shilingi 6,000 abadilishe antena. Labda niseme pia kwamba nimeongeza kamera ya dashibodi na chaja ya simu ya matundu mawili. Je, niitengeneze au niitupe?"

Usiitupe, na hizo 6,000 za antena zibaki mfukoni kwanza. Umeorodhesha matatizo mengi kana kwamba ni ugonjwa mmoja, na hapo ndipo mafundi wanapokupata: dalili nyingi, jibu moja, bei moja. Kifaa chako kina kazi tatu. Kinasikiliza setilaiti ili kijue kiko wapi. Kinasoma ramani iliyo ndani yake ili kijue pale kilipo pana nini. Kisha kinakisia uko kwenye barabara ipi na ukate wapi. Setilaiti zinahusika na kazi ya kwanza peke yake. Mengi uliyoyataja yanatokana na hizo mbili nyingine, na baadhi ni mambo ya umeme wa gari tu, hayana uhusiano wowote na anga.

Tuanze na maneno ya fundi, maana ndiyo yatakayokugharimu.

Hakuna setilaiti za upande huu na za upande ule. GPS ni mfumo wa Marekani wenye setilaiti zipatazo 30 zinazofanya kazi, zikiizunguka dunia nzima kwa kimo cha kama kilomita 20,200, kila moja mizunguko miwili kwa siku. Zile zile zilizomwongoza kaka yako kule ndizo zinazokupitia wewe hapa. Anga ya Nairobi ikiwa wazi, kifaa huweza kusikia setilaiti nane au zaidi kwa wakati mmoja, na kinahitaji nne tu. (Taifa-1, ile setilaiti ya Kenya iliyorushwa Aprili 2023, haimo humu. Hiyo ni ya kupiga picha za ardhi.) Kitu kimoja cha kweli kuhusu sisi wa karibu na ikweta ni kwamba tabaka la juu la hewa huchafuka kidogo baada ya jua kuzama na kuyumbisha mawimbi. Wapima ardhi hulalamika. Dereva wa Probox hatagundua.

Bando nalo halihitajiki. Kifaa chako ni kama redio kwa maana hii moja: kinapokea, hakitumi. Ninaelewa lakini fundi alikotoa wazo hilo. Anaona simu yake ikipata mahali ilipo kwa sekunde chache, na simu ina intaneti, basi anahitimisha kwamba intaneti ndiyo inayoonyesha mahali. Kinachofanyika ni kwamba simu huchukua kwenye intaneti taarifa za mahali zilipo setilaiti, ili isisubiri kuzipokea kutoka angani. Ni njia ya mkato. Asiyekuwa na njia ya mkato hufika pia, ila anasubiri.

Na kusubiri huko ndiko kunakoeleza dakika zako ishirini. Kila setilaiti hutangaza taarifa za njia yake kwa mwendo wa biti 50 kwa sekunde, mwendo wa konokono ukilinganisha na simu yoyote. Taarifa muhimu ya setilaiti moja hurudiwa kila sekunde 30, na ni lazima kifaa kiipokee nzima. Ukiingia chini ya daraja katikati ya taarifa, au lori likakuziba, kipande kinapotea na kifaa kinasubiri irudiwe. Taarifa hizo huchakaa baada ya saa chache, kwa hiyo kila asubuhi kifaa kinaanza upya. Orodha ndefu ya setilaiti zote kwa pamoja huchukua dakika 12 na nusu kupokewa, lakini hiyo hukaa muda mrefu bila kuharibika.

Sasa tazama asubuhi yako. Unawasha kifaa chini ya ghorofa, ambako zege limeziba anga. Unatoka, na kabla hakijamaliza kusikiliza hata setilaiti nne uko Mombasa Road, pembeni mwa nguzo za Expressway, nusu ya anga imefunikwa na daraja. Kila kikishika taarifa inakatwa. Mtu mwingine angekwambia kwamba bado kinatafuta setilaiti za Uingereza. Hapana. Ukihamisha kifaa nchi hadi nchi kitahangaika siku ya kwanza, kisha kinajua kimehama.

Dawa yake ni ya bure. Jumapili moja toa gari mahali pasipo majengo wala miti, washa kifaa, kiache kimetulia dakika ishirini hadi thelathini bila kusogea. Baada ya hapo, kila asubuhi toka chini ya ghorofa, simama pembeni penye anga wazi, subiri kishike mahali, ndipo uende. Kifaa kizima kinatakiwa kushika ndani ya dakika moja au mbili kikiwa kimesimama.

Lakini ulisema mwanzoni kilikuwa sawa, na ghorofa ni ile ile, daraja ni lile lile. Ndiyo maana sentensi iliyonivuta ni ile uliyoanza kwa "labda niseme pia". Kamera na chaja.

Mawimbi ya GPS yakifika ardhini ni dhaifu mno. Yako chini ya makelele ya kawaida ya redio yanayotuzunguka, na kipokezi huyachambua kwa hesabu. Hapo udhaifu ni wa kweli, ila ni wa dunia nzima, si wa Kenya. Kamera za dashibodi za bei rahisi na chaja za USB zisizo na kinga nzuri hutoa makelele ya redio, na baadhi huangukia pale pale karibu na megahezi 1,575 ambapo GPS inasikiliza. Kamera ikiwa imebandikwa kiganja kimoja kutoka kwenye kifaa, ni sawa na kuongea na mtu aliyesimama kando ya posho mill.

Kulithibitisha ni rahisi. Ukiwa mahali pa wazi, bonyeza ile alama ya vijiti vya mawimbi iliyo kwenye kona ya skrini na uishikilie sekunde kadhaa. Kwenye vifaa vingi vya Garmin vya zamani inafunguka kurasa yenye duara la anga na vijiti, kila kijiti setilaiti moja. Vitazame vijiti kamera na chaja zikiwa zimewashwa. Kisha chomoa kamera, hesabu hadi sitini, tazama tena. Chomoa na chaja ya simu, tazama tena. Vijiti vikirefuka, umempata mwizi. Hamishia kamera upande wa pili wa kioo, na waya wake usipite nyuma ya GPS. Ikishindikana, badilisha ile chaja ya matundu mawili kwa nzuri zaidi kabla hujagusa antena ya mtu yeyote. Vijiti visipobadilika kabisa, kamera haina hatia.

(Kama kioo chako cha mbele kimebandikwa tinti yenye chembe za chuma, nayo huziba. Lakini hilo lingekusumbua tangu siku ya kwanza.)

Tuje Expressway, maana hapa swali lako linagusa maelfu ya madereva, wakiwemo wenye simu za bei kali.

Barabara ile ya kilomita 27, Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa kwa magari Mei 2022. Sehemu inapita chini sambamba na Mombasa Road, sehemu inapaa juu ya nguzo. Kwa kifaa kinachosoma mahali kwa longitudo na latitudo, gari la juu na gari la chini yake yako mahali pamoja. Utauliza, si kinapima kimo pia? Kinapima, na kimo ndicho kipimo chake kibovu kuliko vyote. Kushoto na kulia una setilaiti pande zote, makosa yanafutana. Kwenda juu, setilaiti zote ziko upande mmoja, kwa sababu zile za chini zimefunikwa na dunia yenyewe. Kosa la mita kumi au kumi na tano kwenye kimo ni jambo la kawaida, na hiyo inatosha kumshusha mtu kutoka darajani hadi kwenye lami ya chini. Isitoshe, ramani nyingi za vifaa hivi hazina kimo cha barabara, kwa hiyo hata kingepima sawasawa kisingekuwa na cha kulinganisha.

Kwa hiyo kifaa kinakisia. Kinachukua mahali ulipo, kinatafuta barabara iliyo karibu, kinaubandika mshale wako juu yake. Ikiwa ramani yako ina barabara zote mbili, kitakubandika kwenye ile kilichokupangia, mpaka ufanye jambo lisilowezekana, kama kukunja kona juu ya daraja, ndipo kistuke.

Wewe hata huko hujafika. Nina hakika karibu yote kwamba ramani yako haina Expressway kabisa. Ipime hivi: nenda kwenye kutafuta, andika Nakumatt. Ikikuletea matawi ya Nakumatt kana kwamba bado yanauza mkate, umeuziwa ramani ya enzi hizo. Kisha sogeza ramani hadi Mombasa Road karibu na Capital Centre, ukuze picha, uhesabu mistari. Kama Expressway haimo, basi kila unapopanda, kifaa kinaamini kwa moyo mweupe kwamba uko Mombasa Road ya chini, na kinakuambia ukate Bellevue au uzunguke Bunyala. Kwa ramani kiliyonayo, hakijakosea. Amri ya kukata kushoto ni sahihi kwa gari lililo chini yako.

Dawa ni ramani mpya. Fundi aliyesema kifaa "kimefungwa kwa ajili ya Ulaya" aligusa ukweli kwa mkono wa kushoto. Kipokezi hakijafungwa; kinachohusu Ulaya ni ramani kilichokuja nayo, na hata kama kaka yako alinunua kile chenye ahadi ya ramani mpya za bure maisha yote, bure hiyo ni ya Ulaya. Kwa Kenya una njia tatu. Kununua ramani ya eneo hili kutoka Garmin wenyewe. Kununua ya Tracks4Africa, ambayo wapenda safari za bara huisifu kwa barabara za vumbi na njia za mbugani. Au kutumia ramani za bure zinazotokana na OpenStreetMap, ambazo watu wenyewe huzichora na kuzisahihisha. Kwa kazi yako ya Mlolongo na Westlands mimi ningeanza na hiyo ya bure. Nairobi imechorwa vizuri humo, na ikikuchukiza hujapoteza hata shilingi.

Kuiweka si uchawi. Faili huitwa gmapsupp.img; inawekwa ndani ya folda iitwayo Garmin kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, isiyozidi GB 32 kwa vifaa vya zamani, iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32. Kabla ya yote, unganisha kifaa na kompyuta na unakili kila kilichomo ukihifadhi kando. Baada ya kuweka kadi, ingia kwenye mipangilio ya ramani uzime ile ya zamani. Hatua hii ndiyo watu huiruka: ramani mbili zikiwashwa kwa pamoja, moja huifunika nyingine, na mtu analaani ramani mpya huku akitazama ya zamani.

Ramani mpya ikishaingia, amua kabla hujapanda. Ukipita juu, hakikisha kile kipengele cha kuepuka barabara za kulipia kimezimwa. Ukipita chini, kiwashe. Na jua jina la mahali pa kuteremka kabla ya lango la malipo: Capital Centre, Haile Selassie, Museum Hill, au mwisho kabisa kule Westlands karibu na James Gichuru, ambako kwa wateja wa Lavington ndiko kunakofaa. Ukiwa juu na kifaa kikadhani uko chini, usikifuate na usikibonyeze-bonyeze ukiwa mwendoni. Kitajirekebisha ukiteremka.

Jambo dogo la kujua ukishaisasisha: ramani mpya huandika Prof. Wangari Maathai Road pale ambapo sisi sote bado tunasema Forest Road. Usipoiona, usidhani imefutwa.

Mshale kupanda majengo mjini hautatibika wote, na yeyote anayekuahidi kuutibu kwa antena anakuuzia maneno. Kifaa hupima umbali kwa muda ambao mawimbi yametumia njiani. Kati ya maghorofa, mawimbi hayafiki moja kwa moja. Yanagonga vioo na kuta kwanza, yanachelewa, na kifaa kinadhani setilaiti iko mbali zaidi. Kuchelewa kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300, kwa hiyo fikiria inavyohitajika kidogo tu kukutupa mtaa wa pili. Gari likiwa limesimama kwenye msongamano inazidi, kwa sababu kifaa hujua umeelekea wapi kwa kuona unavyosogea. Usiposogea, mshale unazurura. Ukiwa katikati ya jiji tumia macho na majina ya mitaa. Ukishafika Museum Hill kifaa kitatulia.

Maralal sasa. Hili limenichekesha, lakini limewakuta wengi. Mteja alikutumia namba zinazoanza na -1.28, ukaona kile kistari ukadhani ni alama ya kutenganisha tu. Kistari kile ndicho kinachosema kusini mwa ikweta. Lavington iko kama digrii 1.28 kusini. Ukikiondoa, umesema digrii 1.28 kaskazini, na ukifuata mstari huo huo wa longitudo unaangukia Samburu, kaskazini kidogo ya Maralal, kilomita 280 na kitu angani, zaidi ya 300 kwa barabara. Kifaa kilikutii. Mahali ambapo hakikubali kistari, chagua herufi S badala ya N. Na hakikisha mpangilio wa namba ni ule wa digrii zenye nukta, si wa digrii na dakika, la sivyo utakosa kwa kilomita kadhaa bila kujua kwa nini.

Kuzima kwenye matuta na picha ya kompyuta ni mambo mawili tofauti. Kebo za asili za Garmin za gari zimeunganishwa ndani kwa namna inayokiambia kifaa "uko garini". Kebo ya kawaida ya USB haisemi hivyo, kwa hiyo baadhi ya vifaa hudhani vimechomekwa kwenye kompyuta na kuonyesha picha hiyo. Kifaa ni kizima. Tafuta kebo ya gari iliyotengenezwa kwa ajili ya aina hiyo. Mtaa wa Luthuli mjini zipo, ila omba ujaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa.

Kuhusu matuta, tazama ncha ya chaja. Ukiifungua kwa kuizungusha utakuta fyuzi ndogo na springi. Springi ikichoka, au soketi ya laita ikijaa vumbi, kila tuta linaikata. Zima gari, safisha soketi kwa kitambaa kikavu, vuta kidogo vile vibati vya pembeni vya chaja vibane. Kisha fanya jaribio hili: chaji kifaa hadi kijae, kichomoe, uendeshe juu ya matuta. Kikibaki kimewaka, kosa ni la chaja au soketi. Kikizima papo hapo kwa kuchomolewa tu, betri yake ya ndani imekufa, jambo la kawaida kwa kifaa kilichoachwa juani kwenye dashibodi miaka mingi. Kukiacha hapo si vizuri kwa sababu nyingine pia: ile alama ya duara inayobaki kwenye kioo inamwambia mpita njia kwamba ndani ya gari kuna kitu. Ifute.

Tarehe haikuzuii kusafiri. GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha inarudi sifuri. Ilifanya hivyo Agosti 1999 na tena Aprili 2019, na itarudia mwaka 2038. Kifaa ambacho programu yake ni ya zamani hakijui kiko mzunguko wa ngapi, ndiyo maana umerudishwa nyuma wiki 1,024, miaka 19 na miezi kadhaa. Kiunganishe na kompyuta, tumia programu ya Garmin Express kuangalia kama kuna sasisho la programu ya kifaa. Likiwapo, weka. Lisipokuwapo, ishi nayo; mahali ulipo kwa kawaida hubaki sahihi.

Je, inafaa kuhangaika wakati una simu? Nikujibu bila kuzunguka. Kwa Nairobi siku ya kazi, simu inaishinda GPS ya zamani kwa jambo moja kubwa: inajua msongamano uko wapi sasa hivi. Usitegemee kifaa kilichotengenezewa habari za barabara za Ulaya kikuambie Waiyaki Way imesimama. Ukichelewesha mteja kwa sababu ya jamu, kifaa hakitakulipa. Upande wa pili, simu inapigiwa, inapata joto, inakula bando, na ikiwa dirisha liko wazi kwenye msongamano inaweza kuondoka na mkono wa mtu. Ukienda Limuru na kuendelea hadi mashambani, au ukipata siku moja mzigo wa Marsabit, pale mtandao unapokatika kifaa kitaendelea kuongea. Mimi ningetumia simu mjini na kukiweka hiki kwa safari, na gharama yote ya kukifufua isizidi kebo nzuri na kadi ya kumbukumbu. Kikidai zaidi ya hapo, bei ya kifaa kingine kilichotumika iko karibu mno kuendelea kutengeneza hiki.

Kuna wakati wa kumwona mtu ana kwa ana. Skrini ikianza kuinuka au mgongo wa kifaa kuvimba, betri ya lithiamu imevimba: acha kukichaji leo, usikitoboe wala kukikandamiza, kipeleke kwa anayejua kuondoa betri. Soketi ya laita ikipata moto, ikinuka plastiki inayoungua, au fyuzi ya gari ikikatika mara ya pili, huyo ni mgonjwa wa fundi wa umeme wa magari. Usiweke fyuzi kubwa zaidi ili "ivumilie". Waya wa ndani ya dashibodi ndio utakaowaka. Mwambie apime volti kwenye soketi mbele yako, injini ikiwa inanguruma. Kwa gari la volti 12 anatakiwa kuona kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikipanda au kushuka sana, tatizo liko kwenye alteneta na GPS ndiyo iliyolalamika kwanza.

Na antena? Iguswe tu ikiwa, mahali pa wazi, kamera na chaja ya simu zikiwa zimechomolewa, kifaa kimekaa nusu saa kimetulia na kurasa ya setilaiti haina hata kijiti kimoja. Mwonyeshe fundi hiyo kurasa kwanza. Akikataa kuitazama na kutaka kufungua kifaa moja kwa moja, kichukue uondoke.